Mwongozo kamili: kulisha utumbo wako ili kinga ya mwili ifanye kazi vizuri, bila kukwama siku ya nne

Meseji ninazopata ni zile zile kila wiki. Mtu anaandika, nilianza dona na maharage Jumatatu, Alhamisi tumbo limejaa kama ngoma nikaacha. Mwingine togwa (ule uji unaochachushwa kwa kimea) imegoma, imetoa harufu kamwaga sufuria nzima. Mwingine kanunua kopo la vidonge vya kuongeza kinga kwa hela ya chakula cha wiki mbili na mafua yamempata vile vile. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja, tena kwa mpangilio, kwa sababu wengi mnakosea pale pale, mnabadilisha kila kitu siku moja. Utumbo hauendi hivyo.

Kwanza uelewe unalisha nini

Chembe nyingi sana za kinga zinakaa kwenye ukuta wa utumbo, yaani pale ndo kwenye lango, chakula, maji na wadudu wote wanapita hapo. Na kwenye utumbo mpana kuna bakteria wengi mno, hao wanakula nyuzinyuzi, ile sehemu ya chakula ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuisaga. Wakishakula wanatoa asidi fulani, moja inaitwa butireti, ambayo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo na pia inazituliza chembe za kinga zisiwake ovyo. Ukiwanyima nyuzinyuzi hiyo asidi inapungua, na kwa panya wa maabara imeonekana bakteria wanaanza kula ute unaolinda ukuta wenyewe.

Kinga nzuri sio ile inayowaka mda wote. Inatakiwa ipige adui akija, akiondoka itulie.

Na hili sio jambo la Ulaya tu. Mwaka 2025 ulitoka utafiti uliofanyika Kilimanjaro, watafiti wa Moshi na wenzao wa chuo kikuu cha Radboud kule Uholanzi walichukua wanaume 77 wazima wa afya. Waliokuwa wanakula chakula cha asili kijijini wakapewa chakula cha kizungu wiki 2, soseji, chipsi, mkate mweupe na vitu kama hivyo. Wa mjini waliozoea hivyo wakapewa chakula cha asili wiki 2. Kundi lingine likanywa mbege, ile pombe ya asili ya ndizi na ulezi, wiki 1. Waliohamia kwenye soseji na chipsi, alama za inflamesheni, yaani dalili za kinga kuwaka, kwenye damu zikapanda na chembe zao za kinga zikawa zinaitikia vijidudu kwa unyonge kuliko mwanzo. Waliorudi kwenye chakula cha asili na waliokunywa mbege, inflamesheni ikashuka, na mabadiliko mengine yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadae. Ni watu wachache na wanaume tu, na walipima damu, hawakuhesabu nani kaugua mara ngapi, kwa hiyo usiugeuze kuwa muujiza. Ila wiki 2 tu, kwa pande zote mbili! Mimi hilo ndo lililonikalisha chini.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Unga wa dona na sembe, vyote viwili (nitaeleza kwa nini sembe bado unaihitaji)
- Maharage, kunde au choroko, anza na kilo 1
- Ulezi nusu kilo wa kuotesha kimea, au kimea kilichosagwa tayari kama sokoni kwenu kipo
- Unga wa mahindi au ulezi wa kupikia uji
- Mboga za majani za aina tofauti, kitunguu, kitunguu saumu, ndizi mbichi
- Matunda ya msimu
- Sufuria yenye mfuniko, mwiko, ungo, kitambaa safi cha pamba, na chombo cha kioo au cha plastiki ya chakula chenye mfuniko
- Maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutibiwa
- Daftari na kalamu

Usinunue chai ya kusafisha tumbo wala dawa za kuharisha zinazouzwa kama detoksi. Zinakuendesha chooni unajiona mwepesi, lakini umepoteza maji na chumvi na bakteria haujawalisha chochote.

Nani asianze bila kuongea na daktari

Mwenye kisukari anayetumia dawa au insulini, kwa sababu ukibadilisha chakula sukari nayo inabadilika. Mwenye ugonjwa wa figo, maana maharage na mboga nyingi vina potasiamu. Mtu aliye kwenye matibabu ya saratani au anayetumia dawa za kushusha kinga, huyu asinywe vitu vilivyochachushwa nyumbani mpaka aruhusiwe. Aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo. Na mtu yeyote anayeona damu kwenye choo au anapungua uzito bila sababu, huyo aende hospitali kwanza.

Mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hakuna togwa hapo. Na anayetumia ARV aendelee na dawa zake kama kawaida, chakula kinasaidia dawa lakini hakichukui nafasi yake.

Hatua ya 1: Andika unachokula siku 3

Usibadilishe kitu. Andika tu, mpaka ile soda ya saa 10 na mandazi mawili ya kusukumia chai. Halafu hesabu aina za mimea ulizokula kwa siku hizo 3, mahindi moja, maharage moja, mchicha moja, embe moja, kitunguu nacho kihesabu.

Sababu ya hatua hii ni kwamba bakteria wa aina tofauti wanapenda vitu tofauti, mtu anayekula ubwabwa na kuku kila siku analisha kundi dogo tu. Wengi wanaofanya zoezi hili wanakuta hawajafika hata aina 10. Usijilaumu, iandike hiyo namba juu ya ukurasa, tutairudia mwishoni.

Hatua ya 2: Badilisha unga, kidogo kidogo

Hapa ndo watu wanaanguka. Dona lina pumba na kiini cha hindi, ndo kwenye nyuzinyuzi, sembe imekobolewa vyote vimeenda kulisha kuku. Lakini bakteria wako wamezoea sembe, ukiwamwagia dona tupu siku ya kwanza wale wachache wanaojua kulichachusha wanatoa gesi na mwili haujazoea. Sio kwamba dona limekukataa, umekimbia tu.

Fanya hivi:
- Wiki ya 1: kikombe 1 cha dona kwa vikombe 3 vya sembe
- Wiki ya 2: nusu kwa nusu
- Wiki ya 3: vikombe 3 vya dona kwa 1 cha sembe
- Wiki ya 4: dona tupu

Ugali wa dona unataka maji mengi kidogo na mda mrefu zaidi jikoni, ukiupika kama sembe unakuwa na chenga na watoto watakataa. Na kunywa maji, kila ukiongeza dona ongeza na maji, maana nyuzinyuzi bila maji inafanya choo kuwa kigumu halafu unasema dona linafunga.

Onyo kubwa, tafadhali lisome hili: dona linabeba hindi zima, kwa hiyo hindi likiwa na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, sumu hiyo inakuja yote, wakati kwenye sembe sehemu yake inaondoka na pumba. Sumukuvu inaharibu ini na inadhoofisha hiyo hiyo kinga tunayoihangaikia. Kenya mwaka 2004, maeneo ya Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, na Tanzania mwaka 2016 Dodoma na Manyara nako watu walipoteza maisha. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo nunua mahindi makavu kabisa, mwaga kwenye ungo, chambua moja moja, yenye ukungu, yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi tupa, na usiwape kuku wala ng'ombe maana inarudi kwako kwenye mayai na maziwa. Kama huna uhakika na mahindi ya dona, bora ule sembe na nyuzinyuzi uzitafute kwenye maharage na mboga. Nasema hivyo japo mimi ni mtu wa dona.

Ukifanikiwa: mwisho wa wiki ya 2 choo kinakuwa laini chenye umbo, hukazani, na gesi ni ya kawaida tu.

Hatua ya 3: Maharage bila ngoma tumboni

Maharage yana sukari fulani ambazo utumbo mdogo hausagi, zinafika chini nzima nzima, bakteria wanafanya sherehe. Sehemu ya hizo sukari inayeyukia kwenye maji ya kulowekea. Kwa hiyo:

1. Chambua, osha, loweka usiku kucha kwenye maji mengi.
2. Asubuhi mwaga hayo maji. Usiyapikie, najua bibi alikuwa anapikia, wewe mwaga.
3. Osha tena, weka maji mapya, yachemke kwa nguvu kabisa angalau dakika 10 ndo upunguze moto. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu inayotapisha, moto mdogo peke yake hautoshi.
4. Pika mpaka ukilibonyeza kati ya ulimi na kaakaa linapondeka.

Kipimo, wiki ya 1 vijiko 3 vya chakula kwa siku, wiki ya 2 nusu kikombe, wiki ya 3 kikombe kizima ukiweza. Tumbo likijaa usiache, rudi nyuma hatua moja kaa hapo siku 4 au 5 kisha endelea. Choroko na kunde kwa wengi ni laini zaidi kwa kuanzia.

Hatua ya 4: Togwa isiyoharibika

Hii ndo inayoulizwa kuliko zote. Nasema togwa na sio mbege kwa sababu mbege ina pombe na togwa ikinywewa changa watoto waliozidi mwaka na wazee wanakunywa. Kwenye togwa bakteria wa asidi ya laktiki wanakula sukari inayotoka kwenye wanga na kutoa uchachu, na huo uchachu unawazuia wadudu wengi wa kuharisha wasizaliane.

*Kuotesha kimea.* Tumia ulezi. Mtama ukichipua chipukizi lake linakuwa na sumu ya sianidi, usiutumie kama hujafundishwa na anayejua. Osha ulezi, loweka masaa 12, chuja, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu, funika, nyunyizia maji safi asubuhi na jioni. Siku ya 2 au ya 3 utaona mizizi myeupe kama nyuzi, ikifikia kama sentimeta 1 anika juani mpaka ukavu kabisa, halafu saga. Ukiona ukungu wa kijani au mweusi tupa wote, usichague sehemu nzuri.

*Kupika na kuchachusha.*

1. Pika uji kwa lita 1 ya maji na kama kikombe 1 cha unga, uive dakika 15 au zaidi. Uwe mzito kuliko uji wa kunywa.
2. Epua uache upoe. Hapa ndo togwa nyingi zinafia. Mama mkubwa alikuwa anamwaga tone la uji juu ya mkono, pale karibu na saa inapofungwa, likiwa vuguvugu tu bila kuunguza ndo anaweka kimea. Ukiweka kwenye uji wa moto vile vimeng'enya vya kimea vinakufa na bakteria wanakufa, uji unabaki mzito, kesho unanuka.
3. Weka vijiko 2 au 3 vya unga wa kimea, koroga. Simama hapo uangalie. Mwanzoni mwiko unasimama kwenye uji, baada ya dakika kadhaa unaanza kulegea, ule uzito unaachia, unateleza kwenye mwiko kama maziwa mazito, na ukionja umekuwa mtamu bila sukari. Hiyo ni kimea kinakata wanga. Usipolegea ndani ya nusu saa basi ama uji ulikuwa wa moto ama kimea ni cha zamani, unywe kama uji na uanze upya.
4. Weka nusu kikombe cha togwa ya zamani kama unayo. Kama huna itachacha yenyewe ila itachukua mda zaidi.
5. Funika kwa kitambaa safi, acha sehemu yenye joto la chumba masaa 12 mpaka 24. Pwani kwenye joto saa 12 zinatosha, sehemu za baridi kama Njombe au Limuru siku nzima au zaidi.
6. Ikishachacha funika vizuri weka kwenye friji, tumia ndani ya siku 2 au 3.

Togwa nzuri ina harufu ya uchachu safi, kama mtindi, nyepesi, ladha tamu chachu. Ikitoa harufu ya kuoza, ikiwa na ute unaovutika, au ukungu juu, mwaga. Ikianza kuchoma ulimi na kutoa mapovu mengi imeshaelekea kwenye pombe, usimpe mtoto.

Anza na nusu kikombe cha chai kwa siku, wiki ya 3 kikombe kizima. Usiichemshe baada ya kuchacha kama unataka bakteria hai. Vyombo vyote uvimwagie maji ya moto kabla, na usionje kwa mwiko halafu ukaurudisha ndani, hilo kosa dogo limeharibu togwa nyingi kuliko kimea kibovu.

Usiyeweza togwa tengeneza mtindi, chemsha maziwa kwanza, usitumie mabichi kwa sababu ya bruselosisi na kifua kikuu cha ng'ombe, yapoe mpaka vuguvugu, weka vijiko 2 vya mtindi usio na sukari, funika masaa 8 mpaka 12. Unaouzwa dukani nao ni sawa, soma tu kama una sukari nyingi.

Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2021 walilinganisha watu waliokula vilivyochachushwa kwa wingi na waliokula nyuzinyuzi kwa wingi. Wale wa vilivyochachushwa aina za bakteria ziliongezeka na protini 19 za inflamesheni zikapungua kwenye damu. Wa nyuzinyuzi hawakuona hivyo kwa mda ule mfupi, kila mmoja aliitikia kivyake. Ndo maana mimi nakuambia vyote viwili, tena taratibu.

Hatua ya 5: Ongeza aina

Hapa sina maneno mengi. Kila wiki weka aina 3 mpya za mimea. Ukizoea mchicha nunua matembele, mnafu, majani ya maboga, mlenda, bamia. Kisamvu kitwange na kukipika mda mrefu, kibichi kina sumu. Ndizi mbichi kwenye mtori zina wanga ambao sehemu yake inafika chini bila kusagwa, bakteria wanaupenda sana. Ubuyu na ukwaju kwa juisi isiyo na sukari nyingi. Wali wa kiporo nao wanga wake unakuwa mgumu kusagwa, lakini uwekwe kwenye friji mapema, wali uliolala mezani una bakteria wake ambaye hata ukipasha moto sumu yake haitoki.

WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema mtu mzima angalau gramu 400 za mboga na matunda na gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Usipime kwa mizani, jaza nusu ya sahani kwa mboga.

Hatua ya 6: Punguza vinavyoharibu

Soda ya kila siku iwe ya Jumamosi. Soseji na chipsi mara moja kwa wiki. Sisemi uache kabisa, nimeona wanaoacha kabisa wanarudi kwa kishindo.

Lakini kubwa zaidi ni antibayotiki. Mafua ni virusi, antibayotiki haiyatibu, ila inafyeka bakteria wa utumbo uliowalea mwezi mzima. Dada yangu, kaka yangu, acha kununua amoksilini dukani kwa kukohoa siku 2. Daktari akikuandikia kwa sababu ya msingi meza yote mpaka mwisho, kisha rudi kwenye wiki ya 1 ya mwongozo huu upande tena.

Hatua ya 7: Jipime wiki ya 4

Rudi kwenye daftari, andika tena siku 3. Namba ya aina za mimea imefika ngapi? Choo kikoje, njaa ya saa 5 asubuhi bado inakutesa, usiku tumbo linatulia?

Usitegemee kwamba hutaugua mafua tena. Chakula hiki hakitibu malaria, typhoid wala kifua kikuu, na chanjo za watoto ziendelee kama ratiba inavyosema. Ukiharisha zaidi ya siku 3, ukiona damu, homa kali, au mtoto anaharisha na macho yamedumbukia, hapo weka mwongozo pembeni, ORS na kituo cha afya. Kunawa mikono na choo safi navyo ni sehemu ya kazi hii, maana mtoto anayeharisha kila mwezi ukuta wa utumbo wake haupati nafasi ya kupona hata umlishe nini.

Kama wiki ya 4 umekwama kwenye nusu kwa nusu ya dona na vijiko 3 vya maharage, kaa hapo hapo mwezi mwingine, hakuna anayekufukuza. Na kabla hamjamaliza togwa ya mwisho toa nusu kikombe, weka kwenye chombo kisafi ndani ya friji uandike tarehe, hiyo ndo mbegu ya sufuria ijayo, ndani ya wiki uwe umeshaitumia.